Muulize Fundi wa Netiweki: Demo zote zimetupendeza, tununue ipi?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka kitu kimoja, programu za kufuatilia na kusimamia mitandao mikubwa ya kampuni. Naanza na iliyo ndefu maana ndiyo imebeba mzigo, nyingine ntazijibu kwa kifupi, asiyejiona hapa avumilie.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nasimamia mtandao wa kampuni kubwa, tuna vifaa kama elfu nne hivi, ruta, swichi, fayawoli, akses pointi za waifai, matawi yanazidi mia. Programu tunayotumia saivi aliyeifunga alishaacha kazi na hakuna mtu anathubutu kuigusa. Mabosi wamekubali tununue mpya. Tumeonyeshwa demo tatu, zote nzuri, dashibodi zinang'aa, na kila muuzaji anasema yake inafanya kila kitu. Nimetengeneza jedwali la vipengele 180 naweka tiki, lakini zote tatu zinapata tiki karibu sawasawa. Nichagueje? – Mzee wa Tiki

JIBU: Mzee wa Tiki, pole kwanza. Hilo jedwali usilitupe, watu wa manunuzi watalitaka, ila kwenye kuchagua halitakusaidia hata kidogo. Tiki inajibu swali la "ipo au haipo", na hizi programu vyote zinavyo, ramani ipo, ripoti ipo, alamu ya SMS ipo. Wewe unachotaka kujua ni siku netiweki imelala saa nane usiku hii kitu itakuambia nini, na itakuambia baada ya dakika ngapi.

Kwahiyo fanya hivi. Kaa na vijana wako mchague matatizo matano makubwa ya mwaka uliopita, yale yaliyowakesha kweli. Kila moja muandike lilianzia wapi, nani aligundua wa kwanza (na tuambizane ukweli, mara nyingi ni mtumiaji kapiga simu kulalamika, sio programu), na mlichukua muda gani kujua chanzo. Alafu mwite muuzaji mwambie sitaki demo kwenye laptopu yako, funga kwangu, tulirudie tatizo hili kwenye tawi dogo usiku watu wakiwa hawapo, chomoa waya, jaza linki (njia ya data kati ya vifaa) mpaka ifurike, tuone. Mtandao wake wa demo una vifaa thelathini visafi vina majina mazuri, wa kwako una swichi inaitwa "mpya-2" ambayo ilishazeeka na hakuna anayekumbuka iko chumba gani, na ni hiyohiyo itakayowalaza macho.

Mimi yalishanikuta. Tulinunua programu ina tiki zote, na moja ya tiki ilikuwa kwamba inajua kifaa gani kinategemea kipi, yaani ruta kubwa ikifa isipige kelele kwa kila kitu kilicho nyuma yake. Ruta ikafa. Simu yangu ikapokea SMS zaidi ya 600 ndani ya dakika kumi, ikaganda, na ile SMS moja ya maana, ya ruta yenyewe, niliikuta kesho yake iko katikati ya rundo. Kumbe uwezo ulikuwepo kweli, ila ilitakiwa mtu akae aingize kwa mkono kila kifaa na baba yake, vifaa vyote, na kila mkihamisha waya arudie tena. Muuzaji hakudanganya, na sisi hatukuuliza. Siku hizi swali langu la kwanza ni hilo, huo utegemezi programu inaujua yenyewe kwa kusoma majirani wa kila swichi, au mtu wangu ndio atakuwa kazi yake hiyo?

Cha pili piga hesabu ya mzigo, usimwachie muuzaji. Vifaa 4,000, chukulia wastani wa poti 30 kila kimoja, kila poti unapima vitu 8 (trafiki kuingia, kutoka, makosa, pakiti zilizotupwa na kadhalika), hapo una vipimo 960,000. Ukiuliza kila dakika tano ni vipimo 3,200 kila sekunde, mabosi wakitaka kila dakika moja ni 16,000 kila sekunde, na vyote viandikwe kwenye diski na mtu aweze kufungua grafu bila kungoja. Programu nyingi ziko vizuri sana kwenye vifaa mia mbili. Wewe jaribu kwa idadi yako au angalau robo yake, na siku ya majaribio fungueni grafu watu ishirini kwa mpigo muone kama seva inapumua.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi hawapaangalii, usahihi wa namba zenyewe. Kifaa hakikutumii kasi, kina kaunta ya baiti tu, programu inasoma kaunta, inasubiri, inasoma tena, inatoa ya kwanza kwenye ya pili na kugawa kwa sekunde zilizopita. Kaunta za zamani ni za biti 32, zinafika 4,294,967,295 alafu zinarudi sifuri kama mita ya gari iliyomaliza tarakimu zake. Linki ya gigabiti moja kwa sekunde ikijaa, kaunta hiyo inazunguka kila baada ya sekunde 34 hivi. Programu inayouliza kila dakika tano inakuta imeshazunguka zaidi ya mara nane na yenyewe haijui, inakuchorea grafu tulivu kabisa linki ikiwa imefurika. Kaunta za biti 64 zipo tangu miaka ya 1990, lakini SNMP (lugha ambayo programu inatumia kuuliza vifaa) toleo la kwanza haiwezi kuzibeba, kwahiyo mtu akiunganisha kifaa kwa toleo hilo kwa uvivu tu, umeshadanganywa. Jaribio lake ni rahisi, sukuma trafiki unayoijua, tuseme megabiti 800 kila sekunde kwa muda wa dakika kumi, alafu ulinganishe na grafu.

Na kuna uongo wa pili, wa wastani. Ili kuokoa diski programu nyingi baada ya siku kadhaa zinachukua vipimo vya dakika zinavigeuza kuwa wastani wa saa. Linki iliyojaa asilimia 100 kwa dakika tatu na dakika 57 zilizobaki ilikuwa asilimia 10, wastani wake wa saa ni 14.5. Watumiaji walilia kweli, wewe mwezi ujao unafungua ripoti unaona 14.5 unawaambia wanazua. Uliza data ghafi inakaa siku ngapi, na ikishakunjwa, je kile kipimo cha juu kabisa kinabaki au nacho kinapotea? Kikipotea mimi ningeiweka programu hiyo mwisho wa foleni hata kama dashibodi yake inacheza muziki.

Ukimaliza hayo, mpe kijana mgeni kabisa kwenye timu, asiyepewa mafunzo na muuzaji, mwambie atafute chanzo cha tatizo mojawapo kati ya yale matano. Mtazame tu usimsaidie. Utajua mengi kuliko kwenye jedwali.

SWALI: Fundi, bei tuliyopewa mwanzo na bei ya baada ya mwaka haziendani kabisa, imepanda karibu mara mbili na vifaa ni vilevile. Tumeibiwa? – Dada wa Bajeti

JIBU: Sidhani mmeibiwa dada, nadhani hamkusoma wanahesabu nini. Kuna wanaohesabu kifaa, kuna wanaohesabu poti, kuna wanaohesabu ujazo wa data unaoingia, na kuna wanaohesabu sensa, kama programu ya PRTG ilivyojulikana miaka mingi, ambapo sensa moja ni kitu kimoja kinachopimwa. Swichi ya poti 48 kwa hesabu ya kifaa ni moja, ukitaka trafiki ya poti zote kwa hesabu ya sensa ni 48, na hapo hujagusa joto wala feni wala prosesa. Vifaa vinakaa vilevile ila nyie mwaka mzima mmekuwa mnaongeza vitu vya kupima, ndio kazi yenu, na bili inapanda kimyakimya. Wa ujazo wa data nao wana lao, bili inafura siku ya tatizo, maana ndio siku logi (kumbukumbu za matukio ya vifaa) zinamwagika, yaani unalipa zaidi siku unayoumia zaidi.

Mkirudi mezani mwombeni muuzaji mambo mawili kwa maandishi, bei ya miaka mitatu kwa idadi yenu mara moja na nusu, na nini kinatokea mkizidisha leseni. Nyingine zinakukumbusha tu, nyingine zinaacha kupima vifaa vipya bila kelele, na hiyo ya pili ni mbaya sana.

SWALI: Kwanini tununue wakati Zabbix ni ya bure? Bosi hanielewi. – Kijana wa Linaksi

JIBU: Bosi wako anauliza swali ambalo wewe hujamjibu, nalo ni siku ukiondoka wewe itakuwaje. Zabbix ni programu ya kueleweka, ilianza kutolewa 2001 na Alexei Vladishev wa Latvia na ipo kwenye makampuni makubwa kweli, Nagios ipo tangu 1999, Prometheus ilianzia SoundCloud 2012 na saivi kwenye mambo ya klaudi ndio imetawala. Uwezo upo, sibishani. Lakini leseni sifuri haimaanishi gharama sifuri, hela inahama kutoka kwa muuzaji inaenda kwenye mishahara, utahitaji watu wawili angalau (sio mmoja, wawili) wanaojua hifadhidata, wanaoandika templeti, wanaofanya apdeti bila kulaza mfumo.

Pelekea bosi hesabu hiyo yote, ya watu na ya leseni, kwa miaka mitatu. Mara nyingine ya bure inashinda wazi, mara nyingine inashindwa vibaya. Na ukumbuke ile programu ya Mzee wa Tiki hapo juu isiyoguswa na mtu, naweka dau ni ya bure iliyofungwa na kijana mmoja hodari sana.

SWALI: Muuzaji anataka tumpe akaunti yenye mamlaka yote kwenye kila kifaa ili programu "ifanye kazi vizuri". Ni kawaida? – Mwenye Mashaka

JIBU: Ni kawaida kuomba, sio kawaida kukubali. Mashaka yako yana msingi. Desemba 2020 ilijulikana kwamba wadukuzi waliingia kwenye kampuni ya SolarWinds wakapandikiza msimbo wao ndani ya apdeti za Orion, programu ya hayahaya tunayoongelea, na apdeti zikatoka zikiwa na sahihi halali ya kampuni. Wateja kama 18,000 wakapokea. Waliofuatiliwa ndani kabisa walikuwa wachache zaidi, ila kati yao zilikuwemo taasisi tisa za serikali ya Marekani. Na ule msimbo ulikuwa unakaa kimya mpaka karibu wiki mbili kabla ya kuanza kuwasiliana na nje, kwahiyo mtu aliyejaribu apdeti kwa wiki moja asingeona lolote.

Wadukuzi waliipenda kwa sababu seva ya kufuatilia inafika kila mahali na ina funguo za kila mlango. Kwahiyo wewe gawa. Kusoma vipimo kuwe na akaunti ya kusoma tu, SNMP toleo la tatu lenye uthibitisho na usimbaji, lipo kama kiwango kamili tangu 2002 hakuna kisingizio, na ukikuta kifaa bado kina lile neno la siri la kiwandani, "public", kirekebishe leo leo. Kubadilisha usanidi iwe akaunti nyingine, seva nyingine ikiwezekana, na kila amri iandikwe nani kaituma. Seva yenyewe usiifungulie intaneti yote, ifungulie anwani zile chache tu inazozihitaji. Muuzaji akikuambia programu haiwezi kufanya kazi hivo, mwombe aeleze kwa maandishi ni kipengele gani kinahitaji mamlaka hayo. Mimi kwa uzoefu wangu orodha inarudi fupi sana, na wakati mwingine hairudi.

SWALI: Hizi zenye akili mnemba zinazosema zitatambua tatizo kabla halijatokea, ni kweli? – Msomaji wa Matangazo

JIBU: Baadhi kiasi. Zinajifunza kawaida ya mtandao wako alafu zinapiga kelele ikibadilika, na kujifunza kunataka wiki kadhaa, kwahiyo majaribio ya siku kumi hayakuonyeshi kitu. Usipoipitisha mwisho wa mwezi itaona mwisho wa mwezi ni janga. Mwambie muuzaji ailishe data yako ya miezi iliyopita bila kumwambia tarehe za matatizo, alafu hesabu imepata mangapi na imezua mangapi.

SWALI: Seva ya programu yetu tuiweke wapi? – Wa Mwisho

JIBU: Popote, ila isiwe na njia moja tu ya kufikika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, amri ya matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, na kilichowachelewesha zaidi ni kwamba zana zao za ndani za kuchunguzia zilitegemea mtandao uleule uliokufa, ikabidi mafundi waende kwa miguu yao mpaka kwenye vituo vya data. Wewe weka kichunguzi kidogo cha pili nje kabisa ya mtandao wako kiwe kinaichungulia hiyo ya kwanza, SMS zitoke kwa modemu ya simu sio kwa barua pepe ya kampuni, na namba za mafundi zichapwe kwenye karatasi zibandikwe ukutani.