Chura na Mdiria: Mmeuliza, Tunajibu

Barua za safari hii karibu zote ni za chura au za mdiria, yule ndege mvuvi. Mvua zimeanza, sishangai.

Mvua ya kwanza tu, majaruba yanajaa vyura wakubwa. Kiangazi walikuwa wapi? (Mkulima, Bahi)

Walikuwa chini ya miguu yako. Chura huyu hufukua kwa miguu ya nyuma, akazama kinyumenyume. Huko chini ngozi yake hujichuna tabaka kwa tabaka bila kudondoka, ikakauka na kumfunika gubigubi, pua tu ndiyo hubaki wazi. Maji hayamtoki, na kibofuni ana akiba anayoifyonza taratibu. Kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kifungo chake ni kirefu kweli. Udongo ukilowa huchana gamba lile, mara nyingi hulila palepale, kisha huyo, anatafuta jike.

Pale Mtera kuna ndege anasimama hewani juu ya maji. Anafanyaje? (Dereva wa lori)

Ni mdiria mweusi na mweupe. Mtazame vizuri: mabawa yanapiga kasi, kichwa kimetulia tuli, mdomo unaangalia chini. Kwa kuwa hahitaji tawi la kuvizia, huvua hata mbali na ukingo. Samaki mdogo humaliza hukohuko angani. Mkubwa humpeleka kwenye kisiki, akambamiza mpaka alegee, ndipo ammeze kwa kutanguliza kichwa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja, mara nyingi umekatika katikati.

Nani mzazi bora kati yao? (Mwanafunzi, Chamwino)

Swali tamu. Huko kusini mwa Afrika, dume la chura mkubwa limeonekana likilinda viluwiluwi, na dimbwi likikaribia kukauka huwachimbia mfereji hadi kwenye maji mengine. Lakini huwala baadhi yao pia! Mdiria hutoboa shimo refu kwenye ukingo wa udongo, na madume wasio na wenza huja kusaidia kulisha makinda. Kura yangu naipa kwa mdiria.

Chura akikukojolea unaota chunjua? (Mama, Kizota)

Hapana. Chunjua huletwa na kirusi, na watu huambukizana wenyewe. Ila watoto wasimchezee yule mkubwa: taya la chini lina vichongo kama meno, na aking'ata haachii upesi.