Ukishatibiwa mzizi wa gego, bado kuna kazi

Nilidhani nimeng'ata jiwe. Tulikuwa tunakula wali na maharage, nikasikia "kach!" upande wa kushoto. Nikatema, nikauliza kwa ukali mchele umechambuliwa na nani. Binti yangu akakiokota kile kipande, akakigeuzageuza chini ya taa. "Baba, mbona jiwe hili linang'aa upande mmoja?" Kumbe lilikuwa gego langu.

Gego hilo lilikuwa limetibiwa mzizi miezi minane nyuma, yaani neva yake ilitolewa na mizizi ikasafishwa na kuzibwa. Juu daktari aliliziba kwa dawa ya muda, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili kuvishwa kofia, lile gamba gumu la kufunika jino lote. Sikurudi. Maumivu yalikwisha, ada za shule zilikuwa mlangoni, na kofia ilikuwa ghali kuliko matibabu yenyewe ya mzizi. Sisi wengi tunalipia maumivu yaondoke. Yakishaondoka, tunaona tumemaliza.

Mtaani wanasema jino likishatolewa neva hukauka kama kuni, ndiyo maana hupasuka. Si ukavu hasa. Ni kwamba jino lenyewe limebaki dogo. Kuoza kumekula ukuta mmoja au miwili, kisha daktari ametoboa katikati ili afike kwenye neva. Zinabaki kuta nyembamba, na gego ndilo lenye mzigo wa kutafuna. Kofia huzikumbatia kuta hizo kama noleo linavyozuia mpini wa kisu usipasuke. Baadaye nilisoma utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002: meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa. Nikajilaumu upya.

Daktari wa pili hakuanza na kofia. Alichukua kijiti chembamba chenye alama za milimita, akazunguka gego lote akipima. Anataka jino zima, gumu, lisilooza, lichomoze kama milimita 2 juu ya ufizi pande zote, maana hapo ndipo kofia inaposhika. Upande wangu uliovunjika ulikuwa umezama chini ya ufizi. Ilibidi ufizi na mfupa kidogo vipunguzwe, nikasubiri wiki kadhaa pakapona. Dawa ya muda nayo ilikuwa imevuja siku nyingi, mate yakapenya, kwa hiyo mizizi ikasafishwa na kuzibwa upya. Nililipa mara mbili kwa jino moja.

Mimi nilitaka anipigilie nguzo, kile kijiti kigumu kinachoingizwa ndani ya mzizi, nikiamini ndiyo itakayoliimarisha. Akacheka. Nguzo kazi yake ni kushikilia kijazio tu, haiongezi jino nguvu, na kuchimba mzizi mwembamba ili ipate nafasi kunaweza kuupasua. Gego lina chumba kipana katikati kilichokuwa na neva. Kijazio kikishuka humo kinashika vizuri bila nguzo. Ndivyo alivyofanya, kisha akachukua vipimo vya kofia.

Kwa hiyo, kabla hujakubali matibabu ya mzizi, uliza bei ya yote mawili, mzizi na kofia, na uliza kama jino lililobaki linatosha kushika kofia. Kama halitoshi, au ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi, bora ling'olewe mapema kuliko kumwaga hela. Kama hela ya kofia bado, mwombe daktari walau akuwekee kijazio cha kudumu, azipunguze na kuzifunika zile ncha dhaifu. Usikae miezi na dawa ya muda kama mimi.

Siku ya kuvishwa utapewa karatasi ya rangi uing'ate. Usione haya kusema kofia inagusa kwanza kuliko meno mengine, hata kama ganzi bado haijaisha na foleni nje ni ndefu. Mimi nilirudishwa kwenye kiti mara tatu, akisaga kidogo, nang'ata, akisaga tena. Na uzi wa kusafishia meno usiuache: jino hilo halina neva, likianza kuoza pembeni mwa kofia halitakuamsha usiku.