Sumitra Devi, mama aliyebeba bunduki mpaka kwa mwanawe

Wiki hii mmeuliza: katika filamu zote ulizowahi kutazama, ni mhusika gani aliyebeba mzigo mzito kuliko wenzake? Nadhani wengi watamtaja stelingi wao. Mimi namtaja mama, Sumitra Devi wa Deewaar, picha ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Yash Chopra. Aliyemwigiza ni Nirupa Roy.

Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Mumewe ni kiongozi wa wafanyakazi wa mgodi. Tajiri anamtekea mke na watoto, naye ili awaokoe anatia sahihi mkataba unaowaumiza wenzake. Anaitwa msaliti, aibu inamshinda, anaihama nyumba. Mtoto mkubwa, Vijay, anakamatwa na kuchanjwa mkononi maneno yasiyofutika: baba yangu ni mwizi. Mama anakimbilia Bombay na wanawe wawili, wanalala chini ya daraja, yeye anabeba matofali kwenye ujenzi. Vijay anang'arisha viatu ili mdogo wake Ravi asome. Ukubwani Vijay (Amitabh Bachchan) anaanza kuwa kuli bandarini na kuishia kwenye magendo. Ravi (Shashi Kapoor) anakuwa polisi, na jalada analokabidhiwa ni la kaka yake.

Sisi tuliitazama kwenye kanda ya video, Mombasa, sebule imejaa watoto wa majirani. Kuli Vijay ana beji namba 786, na mzee mmoja wa bandarini anamweleza kwamba kwa Waislamu namba hiyo ina baraka. Hapo hatukuhitaji mkalimani, maana 786 tulikuwa tukiiona imeandikwa madukani. Beji ile ilipomponyoka mwishoni, sebule nzima ilipiga ukelele. Tulilelewa tukiamini stelingi hafi.

Maneno yanayokumbukwa na kila mtu ni ya ndugu wawili wakutanapo chini ya daraja lile lile la utotoni. Vijay anahesabu majumba, gari, pesa za benki, kisha anamuuliza mdogo wake: wewe una nini? Ravi anajibu: mimi nina mama. Vijana wa mtaani kwetu walilisema jibu hilo kwa Kihindi, hata wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Nami nililipenda miaka mingi. Siku hizi nikilisikia namfikiria mama mwenyewe. Wanawe wanashindana ni nani aliye naye, na hakuna anayemuuliza yeye amebaki na nani.

Vijay alimnunulia jengo lile lile alilolibebea matofali. Hebu fikirini mtoto anavyotaka kuufuta uchungu wa mamake! Lakini mama alipojua pesa zinatoka wapi, aliondoka akaenda kuishi na Ravi, na moyo wake akauacha kwa yule mkubwa. Kisha inafika siku Ravi anatoka kwenda kumkamata kaka yake. Mama ndiye anayempa bunduki. Anamwombea kwa Mungu mkono wake usitetemeke wakati wa kufyatua. Halafu anasema kwamba mwanamke amekwisha timiza wajibu wake, sasa mama anakwenda kumngoja mwanawe. Anakwenda hekaluni, na ndiko Vijay anakomfia mikononi, kwenye hekalu ambalo tangu utotoni alikuwa akikataa kuingia na kubaki kwenye ngazi.

Siku ile mama yangu alikuwa nyuma yetu akichagua mchele kwenye sinia. Ilipofika bunduki, mkono wake ulisimama juu ya mchele, vidole vimeshika kijiwe kimoja, hakukitupa. Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa akija na pesa ambazo hakuna nyumbani aliyejua anazipataje. Mama hakuwahi kuzitumia. Alizifunga kwenye pindo la leso kuukuu na kuziweka juu ya kabati, na kila kaka alipokuja alimpakulia chakula kama kawaida, tena sahani yake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Sikuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima na kuitazama tena Deewaar peke yangu.

Salim Khan na Javed Akhtar, walioiandika, walijua wanachofanya. Picha inaanza kwenye hafla ya kumpa Ravi nishani, naye anaomba mamake ndiye apande jukwaani kuipokea. Yote tunayoyaona baada ya hapo ni kumbukumbu za yule mama aliyesimama mbele ya watu. Mwishoni tunarudishwa ukumbini, na makofi bado yanapigwa.

Mama alikitupa kile kijiwe hapo, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Wanampigia makofi ya nini?"

Hakuna aliyemjibu.