Shangazi alisema, "Huyo si baba"

Swali lenu la wiki limenigusa palepale panaponiuma: "Ukitaka kujua maisha ya babu yako, utaamini karatasi au wazee?" Zamani ningejibu karatasi, tena bila kupepesa macho. Wazee wetu kila mmoja ana babu wake. Kwa baba mkubwa, babu alikuwa nyapara wa kuogopwa. Kwa baba mdogo, alifukuzwa kazi kwa ulevi.

Na karatasi ninayo. Ni kipande cha babu, kile kitambulisho cha kazi cha mkoloni. Kuanzia 1920 hivi, mwanamume Mwafrika wa Kenya akifika miaka 16 alitembea nacho ndani ya kikebe cha bati, kinaning'inia shingoni. Humo mna jina, kabila, alama za vidole, na kila tajiri aliyemwajiri: mshahara, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Tajiri asipotia sahihi uondoke, kazi kwingine huipati. Ukitoroka, unasakwa.

Kwa kikebe hicho nilimpanga babu mwaka kwa mwaka: mkonge upande wa Voi, reli, mkonge tena. Nikaenda mpaka Jumba la Nyaraka la Taifa, Nairobi, nikasoma ripoti za wilaya za miaka ya 1930. Hesabu za vibarua tele, majina yao hakuna.

Desemba moja, Wundanyi, nikamsomea shangazi. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye reli akasema, "Huyo si baba."

Nikadhani hajasikia. Nikarudia kwa sauti.

"Nimesikia. Huyo ni kaka yake, aliyekufa kwa homa. Baba alitoroka mkonge bila sahihi. Akachukua kipande cha marehemu, akashuka Mombasa."

"Na jina?"

"Si lilikuwa ndani ya kikebe?" Akapuliza makapi. "Mama alimwita lile la kwanza usiku tu, mlango ukishafungwa."

Jina hilo la kikebe ndilo letu sote. Liko kwenye vyeti vya shule, hati ya shamba, hata kwenye kaburi lake. Na zile alama za vidole nilizopiga picha nikaweka kwenye simu, nikiwaonyesha watu wa kazini, ni za mtu mwingine. Nilipomwambia shangazi hivyo, alinishangaa. "Mwingine nani? Naye ni babu yako vilevile."

Basi niseme wazee? Ngojeni kwanza. Shangazi ana miaka 86 na hadithi hiyo hakuwahi kuitoa, nami nimekula kwake tangu utotoni. Iliyoitoa ni ile karatasi ya uongo, iliposomwa mbele yake. Kwa hiyo bado nasema anzeni na karatasi, ila msiisome peke yenu. Hata hapo sina hakika: baba mkubwa anakana yote, anasema shangazi wakati huo hakuwa amezaliwa. Ni kweli hakuwa amezaliwa. Lakini wa kusikia mambo ya usiku ni yeye, aliyelala chumba cha mama yake.

Mwanangu anakwenda kuchukua kitambulisho mwezi ujao, ambacho mpaka leo tunakiita kipande. Nimemwambia aandike jina lilelile la kwenye kikebe.