Barua kwa mwanangu: pauni 5 za Michael Marks

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na swali lako nimelitafakari. Unauliza iwapo mtu asiye na kitu anaweza kweli kufika mbali katika biashara ya rejareja, au kama habari za wafanyabiashara walioanzia chini huficha mtaji fulani ambao sisi hatuambiwi. Umemtaja Michael Marks, mwanzilishi wa Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, ukasema kwamba kila anayemsimulia huanzia kwenye pauni 5 alizokopeshwa. Mimi naona pauni hizo zimepewa sifa zisizo zake.

Marks alikuwa Myahudi wa Slonim, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi na ambao leo umo Belarusi. Alifika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880 akiwa maskini, Kiingereza hakijui vizuri, akawa mchuuzi wa kutembeza sindano, uzi, vifungo na soksi katika vijiji vya Yorkshire. Mjini Leeds alikutana na Isaac Dewhirst, muuzaji wa jumla, aliyekuwa tayari kumkopesha pauni 5. Marks aliomba mkopo huo auchukue kwa bidhaa za ghalani mwa Dewhirst mwenyewe, na kila alipopunguza deni aliruhusiwa kubeba mzigo mwingine. Alichokipata, basi, ni mali kauli isiyokatika maadamu analipa. Fedha taslimu mkononi mwa mtu mwenye njaa zina kazi nyingi za kufanya kabla hazijafika kwenye biashara, lakini sindano haziliwi. Huo ndio mtaji uliokuwa ukiuulizia, na ulikuwa wa Dewhirst. Wachuuzi wangapi wenye bidii kama yake walipita barabara hizo hizo bila kukutana na mtu wa namna hiyo, hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 1884 alipata meza katika soko la Kirkgate, Leeds. Soko la wazi lilifanya kazi siku mbili tu kwa wiki, kwa hiyo siku nyingine alihamishia bidhaa zake katika masoko ya miji ya jirani. Baadaye akaingia katika sehemu yenye paa, iliyofunguliwa wiki nzima, akazipanga bidhaa kwa bei: za peni moja upande mmoja, za bei ya juu upande mwingine. Juu ya zile za peni moja aliweka kibao kisemacho, “Usiulize bei, ni peni moja.” Upande huo ulipendwa kiasi kwamba hatimaye aliachana na bei nyingine zote.

Fikiria kibao hicho kilimfanyia nini mtu asiyeweza kubishana kwa lugha ya wateja wake. Kupatana bei kunataka ulimi mwepesi, na muuzaji anayetafuta maneno hupunjwa hata na mtoto. Kwa bei moja iliyoandikwa, mteja alijichagulia, akashika na kugeuza kitu alivyotaka, akatoa peni yake akaenda. Hata baadaye, maduka yake yalitangaza kwamba kuingia ni bure, tangazo lililokuwa na maana wakati ambapo aliyevuka kizingiti cha duka alitarajiwa anunue.

Lakini bei hiyo ilimbana yeye mwenyewe. Pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo mauzo ya pauni 5 yalihitaji vitu 1,200 vipite mezani, na katika kila kimoja faida ilikuwa sehemu tu ya peni. Kwa kuwa hakuweza kupandisha bei, kazi yote ilihamia kwenye ununuzi: kutafuta kitu kizuri kinachoweza kununuliwa chini ya peni moja, na kukipata kwa wingi. Kazi hiyo haionekani na mteja, na ndiyo maana wasimuliaji huiruka.

Mwaka 1894 Tom Spencer alilipa pauni 300 akapata nusu ya biashara. Spencer alikuwa mtunza fedha wa Dewhirst. Mimi siioni kuwa bahati tupu, kwani mtu aliyekaa kwenye hesabu za ghala alikuwa na nafasi nzuri ya kujua ni nani huchukua mzigo na kulipa. Kufikia mwaka 1900 walikuwa na vituo 36 vya kuuzia, vingi vikiwa bado sokoni, na mwaka 1903 biashara ikawa kampuni. Spencer alifariki mwaka 1905, Marks mwaka 1907.

Umeandika kwamba unaweka akiba ili ukodi duka. Sikukatazi, ila kabla ya kulipa kodi ya pango nenda kwa wauza jumla wawili au watatu, uchukue mzigo mdogo kwa mali kauli, ulipe kwa siku mliyokubaliana, kisha uniandikie ni nani kati yao alikuwa tayari kukupa wa pili, na kwa masharti gani.

Mama yako