Je, mkulima anaweza kulipwa ili asilime?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekodi ekari tatu za mahindi huku Kahe, na kila mwaka namlipa mwenye shamba kabla mvua za masika hazijaanza. Mjomba wangu aliyewahi kuishi Marekani anasema kwamba huko Serikali humlipa mkulima ili aache shamba lake bila kulima. Naomba kujua kama ni kweli, na kama sisi nasi tunaweza kuomba mpango wa namna hiyo.
Mkulima wa kukodi, Moshi Vijijini

JIBU: Mjomba wako amesema kweli. Mwaka 1933, bei za mazao zilipokuwa zimeanguka vibaya, Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwalipa wakulima wapunguze maeneo ya kulima ili mazao yapungue sokoni na bei ipande. Pamba iliyokwisha kuota katika ekari zipatazo milioni 10 ililimwa na kufukiwa ardhini. Mpango unaoendelea hadi leo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, nao unaangalia zaidi udongo. Mwenye shamba linalomomonyoka kwa urahisi hufunga mkataba wa miaka 10 hadi 15, hupanda nyasi au miti, na kila mwaka hupokea malipo yaliyo mfano wa kodi ya shamba. Mwaka 2007 ardhi iliyokuwa chini ya mikataba hiyo ilizidi ekari milioni 36, yaani zaidi ya mara 10 ya Mkoa wa Kilimanjaro wote. Bei ya mahindi ilipopanda, wengi waliiacha mikataba yao iishe wakarudi kulima.

Utaona kwamba shamba hilo haliachwi uchi, na hapo ndipo penye maana kwetu. Masika moja nilisimama ukingoni mwa korongo karibu na Himo, nikatazama maji mekundu yakishuka kutoka shamba la mahindi lililopaliliwa vizuri sana, huku shamba la jirani lenye mstari mmoja wa guatemala, yale majani marefu ya malisho, likitoa maji karibu meupe. Uchungu nilioupata siku ile sijausahau, kwa maana udongo ule ulikuwa unaondoka na mbolea aliyoinunua mtu kwa fedha za kuungaunga.

Lakini wewe ni mkulima wa kukodi, na kwa sababu hiyo nakuomba usiutamani mpango huu kabla hujajua fedha zake huingia mkononi mwa nani. Katika miaka hiyo ya 1930, kusini mwa Marekani, wenye mashamba wengi walichukua malipo ya Serikali, wakawafukuza waliokuwa wakilima kwa kugawana mavuno, kwa kuwa eneo la kulima lilikuwa limepungua na wao hawakuhitajika tena. Malalamiko yalikuwa makubwa hata wakulima hao, weusi kwa weupe, wakaunda chama chao katika jimbo la Arkansas mwaka 1934. Mpango kama huo ukiletwa Kahe leo bila kumtaja mpangaji, atakayelipwa ni mwenye shamba, nawe utatafuta pa kulima kwingine.

Serikali yetu haina mpango wa kumlipa mkulima asilime. Msaada wake umeelekea upande wa kuzalisha zaidi, kama ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, na kwa nchi ambayo kaya nyingi hula kile zilichovuna sioni kosa katika hilo.

Kupumzisha udongo bila kukosa chakula kunawezekana hata hivyo. Panda ngwara, zao la jamii ya maharage linalotambaa, katikati ya mahindi: mahindi yakishavunwa, ngwara hubaki imetandaa na kufunika ardhi wakati wa kiangazi, huongeza rutuba, na punje zake zina soko. Kinachokuzuia, nadhani, ni ule ukodishaji wa msimu mmoja mmoja, kwa sababu hakuna anayependa kutengeneza udongo atakaonyang'anywa mwakani. Mwombe mwenye shamba mkubaliane kwa maandishi miaka mitatu au minne, mbele ya mashahidi katika ofisi ya kijiji, na mwandike humo kwamba ngwara iliyobaki shambani baada ya mahindi kuvunwa ni mali yako, ili asije akaingiza ng'ombe wake.