Maswali ya Wasomaji: Kijana wangu anataka urubani, tuchague chuo kipi?

SWALI: Kijana wangu amehitimu kidato cha sita kwa tahasusi ya PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati), na tangu utotoni hana wazo jingine ila kurusha ndege za abiria. Tumepata majibu ya vyuo vitatu. Cha kwanza kipo Afrika Kusini, nacho kinaahidi leseni ya rubani wa biashara kwa miezi kumi, tena kwa punguzo la asilimia 15 tukilipa ada yote kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Cha pili kipo katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na kinatoza kwa saa. Cha tatu ni kile cha serikali kilichopo Soroti, Uganda. Baba yake yuko tayari kuuza kiwanja ili tuliwahi punguzo. Tufanyeje? – Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, nakuomba kiwanja kisiuzwe kwanza. Kabla ya kulipa chuo chochote, kijana apimwe na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ili apate cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho rubani wa biashara hawezi kufanya kazi bila kuwa nacho. Kuvaa miwani si kikwazo maadamu akiivaa anaona vizuri, lakini kasoro ya kutofautisha rangi inaweza kuifunga njia hii, na ni heri mlijue hilo sasa kuliko baada ya ada kulipwa.

Akishapata cheti, tazameni mnanunua nini hasa. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa, na miongoni mwake lazima iwemo safari ya kilomita zisizopungua 540, akiwa yeye ndiye rubani kiongozi, yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Mwanafunzi anayeruka saa mbili kwa wiki atazimaliza saa 200 kwa takriban miaka miwili, ilhali anayeruka saa tano atazimaliza kwa wiki 40. Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na akili ya kijana, bali na idadi ya ndege zilizo nzima, idadi ya walimu, na hali ya hewa ya mahali penyewe. Kwa hiyo msiulize chuo kina ndege ngapi. Ulizeni ni ngapi zinazoruka wiki hii na zinagawanywa kwa wanafunzi wangapi.

Jibu la swali hilo halipatikani kwenye vipeperushi. Baba yake, au ndugu mnayemwamini, aende chuoni asubuhi ya siku ya kazi, asome ubao wa ratiba, na atazame kama ndege zinaruka au zimeegeshwa zimefunikwa turubai huku matairi yameishiwa upepo. Kisha azungumze na mwanafunzi aliyekaa hapo mwaka mzima, nje ya ofisi, na amwombe kwa heshima amwonyeshe kitabu chake cha kumbukumbu za kuruka. Asiangalie jumla ya saa peke yake, aangalie tarehe: kurasa ambazo safari moja na inayofuata zimeachana kwa wiki tatu au nne zinaeleza hali ya chuo kuliko mkuu wake atakavyoeleza. Anayekaa muda mrefu bila kuruka husahau, na saa atakazotumia kurudia aliyokwisha kujifunza atazilipia upya.

Kuhusu Wilson, ulizeni saa inayotozwa huanza kuhesabiwa wakati gani. Uwanja ule una ndege nyingi, na ikiwa mita huanza kusoma injini inapowashwa, dakika za kusubiri foleni ya kuruka nazo zitalipiwa. Ulizeni pia kama bei inajumuisha mafuta, mwalimu na ada za kutua.

Kulipa ada yote kwa mkupuo ndilo jambo ninaloliogopa zaidi katika barua yako. Chuo kikifilisika au kikinyang'anywa kibali, mliolipa mtabaki wadai kama wadai wengine, na kijana atarudi nyumbani na saa 60 zisizompa kazi. Lipeni kwa awamu zinazofuata saa alizokwisha kuruka, na mkataba useme wazi salio litarudishwaje. Chuo kinachokataa utaratibu huo msikipe fedha zenu, hata kama ndege zake ni mpya.

Mkielekea Afrika Kusini, iombeni TCAA iwaeleze kwa maandishi masharti ya kubadilisha leseni ya huko ili aweze kurusha ndege zilizosajiliwa Tanzania. Ulizeni hivyohivyo kuhusu Kenya na Uganda. Tengeni pia fungu la mafunzo ya ndege za injini mbili na ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege pasipo kuona nje, kwa kuwa mashirika ya abiria huyahitaji.

Mimi ningeanza na Wilson na Soroti, kwa sababu mnaweza kufika kwa basi na kujionea wenyewe. Soroti ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, lakini nacho kipimwe kwa ndege zinazoruka leo. Cha Afrika Kusini waandikieni kwamba mtalipa kwa awamu, halafu msubiri jibu lao.